Jibu: Vitabu vipya vya mambo ya kweli kwa mtu mdadisi

Mkuu, umeomba vitabu vipya vya mambo ya kweli, visiwe vya siasa wala vya kufundisha watu utajiri. Anza na Everything Is Tuberculosis (yaani, kila kitu ni kifua kikuu) cha mwandishi Mmarekani John Green, kilichotoka 2025. Jina linatisha, lakini ukianza huachi. Mwandishi alifika hospitali ya Lakka, Sierra Leone, mwaka 2019, akatembezwa wodini na mtoto aitwaye Henry. Akamkadiria miaka 9 hivi. Kumbe kijana ana 17! Ugonjwa na lishe duni vilimdumaza. Kupitia huyo Henry unaelewa kwa nini kifua kikuu, ugonjwa wenye tiba kwa miongo kadhaa sasa, bado kinaua zaidi ya watu milioni moja kila mwaka. Na vituko vimo: John B. Stetson, yule wa kofia pana za makauboi, alielekea magharibi mwa Marekani kutafuta hewa nzuri kwa ajili ya mapafu yake. Tena si kinene, wikiendi mbili unamaliza.

Kingine ni An African History of Africa cha mwanahabari Zeinab Badawi, 2024. Alizunguka nchi zaidi ya 30 akiwahoji wanahistoria wa Kiafrika wenyewe. Sura ya Kushi, ufalme wa kale uliokuwa Sudan ya leo, ndiyo tamu. Wengi hawajui kwamba Sudan ina piramidi nyingi kuliko Misri. Kwingine anapita mbiombio, ila bara zima ndani ya kitabu kimoja, angefanyaje?

Vyote viwili ni vya Kiingereza, chepesi tu. Bei ikikushinda, ulizia nakala za mtumba au sikiliza toleo la sauti.