Krosova: anza na D.R.I.

Mdogo wangu, umesema bendi ya Metallica umeshaimaliza, sasa unataka kuingia kwenye krosova, ule mchanganyiko wa muziki wa panki na hevi metali, na hujui uanzie wapi. Anza na bendi ya D.R.I. wa Houston, Texas. Rekodi yao ya kwanza, ya 1983, ilibana nyimbo 22 kwenye santuri ya inchi 7. Hiyo ni panki tupu. Halafu ruka moja kwa moja hadi albamu yao ya 1987, Crossover. Nyimbo zimerefuka, nyuzi za gitaa zinazibwa na kiganja ili zikate, ngoma zinapungua kasi ghafla kisha zinafyatuka tena. Sikiliza rekodi hizo mbili mfululizo, usiweke kitu kingine katikati. Maelezo yangu hayawezi kushinda hapo.

Ukitaka mzizi, watafute Discharge wa Stoke-on-Trent, Uingereza, albamu yao ya 1982. Metallica hao hao walirudia nyimbo mbili za Discharge mwaka 1998, kwa hiyo hutajiona mgeni.

Suicidal Tendencies wa Venice, California, usiwakose, hasa albamu ya 1983. Cro-Mags wa New York pia, albamu ya 1986. Hao ni wazito kweli.

S.O.D. utaambiwa ni lazima. Walikuwemo watu wa Anthrax, bendi ya metali, na gitaa la ile albamu ya 1985 ni moto. Lakini mashairi yake yanawatukana wageni kutoka nchi nyingine, na mimi hata nikiambiwa ni utani siyapendi. Waweke mwisho. Kabla yao sikiliza Animosity, albamu ya bendi ya Corrosion of Conformity, pia ya 1985.