Kabla ya kununua miche, funga ngitili

Kila mvua zikikaribia, vijana wa huku Shinyanga huniuliza wanunue miche gani ili kurudisha miti kwenye maeneo yao yaliyobaki makavu. Nawajibu: miche iwekeni kando kwanza, fungeni ngitili.

Ngitili ni malisho ambayo sisi Wasukuma tumeyafunga tangu enzi za mababu. Mvua zikianza, Novemba au Desemba, mifugo haikanyagi humo mpaka kiangazi, Julai au Agosti, nyasi zinapokuwa zimekwisha kwingine. Ardhi unayoiona tupu mara nyingi ina visiki vilivyo hai. Kisiki cha mgunga kikipumzishwa hutoa machipukizi mengi kwa mpigo, na ukiyaacha yote unapata kichaka. Mimi huacha mawili au matatu yaliyonyooka, mengine nayakata kwa panga karibu kabisa na kisiki. Mti huo una mizizi mirefu tayari, hausubiri ndoo ya maji. Mche wa kitalu kiangazi chetu huumaliza upesi.

Wakati wa kufungua, usiachie kundi zima. Gawa vipande, kimoja kikiisha ndipo uhamie kingine. Watangulie ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Maksai aliyekonda hawezi kuvuta plau mvua zikirudi.

Kazi kubwa kuliko zote ni majirani. Ngitili za zamani hazikuhitaji uzio: mpaka ulijulikana, na dagashida, mkutano wetu wa kimila, ilitunga sheria na kumtoza faini aliyezivunja. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa miaka ya 1970, ngitili nyingi zilibaki mbali na wenyewe, zikafyekwa. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulipoanza mwaka 1986, zilizorekodiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000, maana wataalamu walikubali kuanzia kwenye utaratibu wa wazee badala ya kuleta utaratibu wao.

Basi kaeni na majirani kabla ya kufunga. Kubalianeni nani ataokota kuni kavu, nani atachimba dawa, na ng'ombe atakayekutwa ndani atatozwa nini. Kama ngitili ni ya kijiji, hayo yaingie kwenye muhtasari wa mkutano mkuu. Yamalizeni Septemba au Oktoba, kabla watu hawajatawanyika mashambani.