Yakhe, hilo papai usilaze na nyama!

Wacha kukuna papai kwanza. Umeuliza mkate upi, ajemi au boflo, ukwaju upikweje, na nyama kiasi gani kwa watu kumi, kisha katikati ukapitisha kimya kimya kwamba nyama ya mishkaki ya wageni wa kesho utailaza na papai bichi usiku huu "ilainike vizuri". Mie nimeshalaza. Kilicholala ni heshima yangu.

Ilikuwa Idi pili, baba mkwe anakuja kwetu Chake, Pemba, na wanawe kutoka Wete. Nikanunua steki kilo nne, na bei ya buchani siku za Idi mnaijua. Nikamfuata jamaa mmoja wa kwenye video, aproni nyeupe, sauti ya uhakika: papai nusu zima, na maganda yake, litwange, litie, funika mpaka asubuhi, "nyama itayeyuka mdomoni". Kweli iliyeyuka, ila haikungoja mdomo.

Asubuhi nafunua bakuli, vipande vimepauka, kingo zina nyuzi nyuzi kama kanga iliyochakaa. Nikajifariji kwamba ndiyo ulaini wenyewe huo. Kutunga, kijiti kinapita kama kwenye ndizi mbivu. Nikapanga mishkaki mitano ya mwanzo juu ya seredani. Kugeuza tu, nyama ikateleza, ikadondoka kwenye mkaa, pwaa! Nikabaki na vijiti vitupu mkononi kama mpiga ngoma aliyekimbiwa na ngoma yake. Iliyobaki niliipakaza kwenye ajemi kwa kijiko. Baba mkwe akatafuna, akatafuta cha kutafuna, akaniuliza kwa ule upole wao: "Mwanangu, meno yangu bado mazima. Mmeambiwa vyengine?" Mke wangu akakimbilia jikoni kucheka. Mie nikasema ni urojo mzito, mtindo mpya.

Huyo wa video simsamehe. Nilimwandikia malalamiko mistari kumi, akanijibu vikopa viwili, ile michoro ya moyo ya kwenye simu. Naapa nyumbani kwake hawachomi nyama, wananunua iliyochomwa Forodhani, Unguja, kama watu wengine.

Sababu niliijua baadaye. Ule utomvu mweupe wa papai bichi una kimeng'enya, wanakiita papaini, kazi yake kukata protini, na hakina habari kwamba wewe ulitaka "laini" tu. Kinakata mpaka uji. Ukitia friji unakipunguza mwendo, hukisimamishi. Baya zaidi, nyama ikianza kupata joto ndiyo kinakula kwa fujo, mpaka moto uzidi ndipo kife. Ndiyo maana hata vile vipande vyangu vilivyokuwa vimejikaza bakulini viliishia juu ya seredani. Na usisikie wa kukwambia utaigeuza katlesi. Nimejaribu, nikatia mayai na mbatata, na bado ndani ilikuwa kama dawa ya meno.

Nilirudia kwa nusu kilo nusu kilo mpaka watoto wakaikimbia nyama. Nilichopata ni hiki: papai huingia bakulini unapowasha mkaa, si kabla. Kijiko kimoja cha kulia kwa kilo nzima, changanya, na mkaa ukishashika na kufanya jivu jeupe, nusu saa hivi, tunga uchome. Thomu, bizari na chumvi ndivyo vya kulala na nyama, hivyo havina ugomvi na mtu. Ndimu nayo mwishoni. Ukinunua steki nzuri ukaikata vipande vidogo, papai lenyewe hulihitaji. Lilikuwa la nyama ya ng'ombe aliyezeeka akilima.

Mkate ni ajemi, nunua jioni ukiwa moto, upasue utie mishkaki mitatu na kachumbari ya tungule. Boflo hunywa maji ya nyama ikalegea. Hayo mengine watakujibu wenzangu.

Ila kama ulipokuwa unasoma hapa ulikuwa umeshalitia, inuka sasa hivi. Osha nyama kwa maji mengi, ikaushe kwa kitambaa, washa mkaa, choma usiku huu huu. Na wageni wapigie simu waje leo.