Njiti zinaongezeka tatu, au mara tatu?

SWALI: Nafundisha hisabati darasa la sita. Tunapanga njiti za kibiriti ziwe miraba iliyoshikana kwa mstari: mraba mmoja njiti 4, miraba miwili 7, mitatu 10, minne 13. Nikisema "kila mara zinaongezeka tatu, andikeni kanuni," wengine huandika n × 3, wengine n + 3. Je, tatizo ni Kiswahili changu? Na "umbo la n" ni sanifu?

JIBU: Mwalimu, sehemu ya tatizo imo kwenye neno mara. Darasani alama ya × tunaisoma "mara": tano mara tatu, kumi na tano. Nje ya darasa neno hilohilo huhesabu matukio. Ukisikia bei ya sukari imepanda mara tatu, huna hakika kama kilo ya shilingi 1,000 sasa ni 3,000, au imepandishwa Januari, Machi na tena Mei. Nawe ukitamka "kila mara" na "tatu" katika pumzi moja, mtoto aliyekariri tebo anaokota anachokijua. Sema: "Kila ukiongeza mraba mmoja, njiti zinaongezeka 3." Kusema "zinaongezeka kwa 3" si kosa, ila mimi huiacha hiyo "kwa", maana tunayo pia katika "kuzidisha kwa" na "kugawanya kwa".

Walioandika n + 3 wamekusikia vizuri. Wamejibu ulichouliza: kutoka umbo moja kwenda linalofuata, jumlisha 3. Lakini n ni idadi ya miraba, si njiti za umbo lililotangulia, na hapo sarufi haikusaidii, badilisha swali. Waulize miraba 10 inahitaji njiti ngapi, bila kuipanga. Atakayesema 31, mwache aeleze kwa sentensi nzima: "Kila mraba una njiti zake tatu, halafu ipo moja ya kufungia mwanzo." Yaani 3 × 10 + 1. Ondoa 10, weka n: 3n + 1.

Jihadhari tu na "mara tatu ya idadi ya miraba na moja". Mmoja ataandika 3n + 1, mwingine 3(n + 1), na kwa miraba 10 watapata 31 na 33. Mabano hayatamkiki, lakini neno "kisha" tunalo: "Zidisha idadi ya miraba kwa 3, kisha jumlisha 1."

"Umbo la n" ni sanifu kabisa. Tunasema maumbo matatu tukitaja idadi, umbo la tatu tukitaja nafasi. Baada ya a-unganifu (kama hilo "la") namba haichukui kiambishi cha ngeli, kwa hiyo n inakaa palepale ilipokuwa tatu. Vigeugeu ni viwili tu: n ikiwa 1 tunasoma umbo la kwanza, ikiwa 2, la pili. Ikifika 12 mbili inarudi: umbo la kumi na mbili.