Uliza Tukujibu: Mwandishi kibandani, na bei isiyopungua

SWALI: Mhariri habari za kazi. Ndugu yangu anasoma Madrid, mwezi wa sita alinitumia picha za waandishi wamekaa kwenye vibanda katikati ya bustani kama wakata tiketi, mmoja ana foleni ndefu mwingine hana hata mtu. Halafu ananiambia kitabu kule ni bei moja kila duka! Hivi wanafanyaje biashara? Na hayo maonyesho ya vitabu ya Guadalajara nnayoyasikia ndo hayohayo au?

JIBU: Salama ndugu yetu. Hapana, sio hayohayo, Guadalajara hiyo iko Mexico, na hata tabia zao hazifanani. Tuanze na picha yako.

Maonyesho ya vitabu ya Madrid yalianza 1933 mtaa wa Recoletos, mwaka 1967 yakahamia bustani ya Retiro na ndiko yanakofanyika mpaka leo, kwa kawaida mwisho wa Mei hadi katikati ya Juni. Vibanda ni vya maduka ya vitabu na wachapishaji, mwandishi ni mgeni tu, anakuja masaa mawili matatu anasaini nakala anaondoka. Spika zinatangaza fulani yuko kibanda namba fulani, yaani hata kama umejificha kwenye mti unatafuta kivuli utasikia tu. Sasa hapo ndo utamu ulipo, maana mpishi wa kwenye televisheni anaweza kuwa na foleni imekata kona, na kibanda cha pili yake mshairi wa watu anachezea kalamu, mtu pekee aliyemsogelea anauliza choo kiko wapi. Mi naona ni vizuri wakae hivyo, kuliko kufichwa ukumbini kwenye viti vya kifahari.

Bei je? Ni sheria. Hispania wana sheria ya 2007, anayepanga bei ni mchapishaji, duka linaruhusiwa kupunguza asilimia 5 basi, ila kwenye maonyesho na Siku ya Kitabu (23 Aprili) wanaweza kufika 10. Kwa hiyo kitabu cha euro 20 dukani hakishuki chini ya 19, Retiro unaweza kukipata kwa 18, na ndo maana watu wanasubiri Juni. Faida yake ni kwamba duka kubwa haliwezi kumuua mdogo kwa kushusha bei, inabidi washindane kwa kujua vitabu. Mexico nao walipitisha ya kwao 2008 na Argentina waliwatangulia. Kuna wanaosema inamuumiza msomaji asiye na hela na hawajakosea kabisa, lakini mtaa ambao duka la vitabu limefungwa, huyo msomaji wa hela ndogo ndo wa kwanza kuumia.

Guadalajara sasa. Yalianzishwa 1987 na Chuo Kikuu cha Guadalajara, siku 9, mwisho wa Novemba kuingia Desemba. Wananchi wanakuja kwa wingi kweli, ila Jumatatu mpaka Jumatano ukienda asubuhi kama msomaji wa kawaida utarudishwa mlangoni usubiri saa kumi na moja jioni, kwa sababu mchana ni wa watu wa kazi: maajenti (mawakala wa waandishi) wanauza haki za kutafsiri, wakutubi wa Marekani wanajaza orodha za vitabu vya Kihispania vya kupeleka maktaba zao. Meza, viti viwili, dakika chache, anayefuata.

Na kazi hiyo inahitajika kuliko unavyodhani, kwa sababu lugha ni moja lakini vitabu havivuki mipaka kirahisi. Riwaya imechapwa Bogotá kule Kolombia, msomaji wa Buenos Aires kule Argentina hata hajawahi kuisikia mpaka mchapishaji wa Barcelona au Madrid aichukue. Carmen Balcells, ajenti wa Barcelona aliyewasimamia waandishi wakubwa García Márquez na Vargas Llosa, alipigana sana na mikataba ya zamani iliyomfunga mwandishi maisha, akataka iwe na muda maalumu na eneo maalumu. Wachapishaji walimwogopa, na waandishi wakaanza kula mrabaha (fungu la mwandishi kwenye mauzo) wa maana.

SWALI: Kuna Mwafrika anaandika vitabu kwa Kihispania kweli?

JIBU: Wapo bwana! Guinea ya Ikweta ilitawaliwa na Hispania mpaka 1968 na Kihispania bado ni lugha rasmi. Mtafute Donato Ndongo-Bidyogo, halafu María Nsue Angüe ambaye riwaya yake ya 1985 inasimulia maisha ya mwanamke wa kabila la Wafang, na mi ningekwambia uanze na huyo. Usishangae tu ukikuta kurasa za mbele zimeandikwa Madrid badala ya Malabo, mji wa hukohuko Guinea ya Ikweta, ni shida ileile ya Bogotá.