Ukipunguzwa kazi, kumbuka ulikuwa unalipwa nini

Wadogo zangu mnaoanza uandishi wa programu huku Marekani, kuna jambo nililielewa kwa kuchelewa.

Asubuhi moja ya Januari 2023 niliwasha kompyuta ya kazini, ikakataa nywila. Nikarudia, ikakataa. Barua ilikuwa imetumwa kwenye anwani yangu binafsi: nafasi yako imeondolewa. Mwezi huohuo Google ilitangaza kupunguza watu 12,000, Microsoft 10,000, Amazon zaidi ya 18,000. Wakati wa korona riba ya benki kuu ilikuwa karibu na sifuri, kukopa kukawa rahisi, kampuni zikaajiri kupita kiasi. Riba ilipopanda kuanzia Machi 2022, zikaanza kupunguza. Kwa hiyo msijilaumu.

Dada yangu alipitia kwangu akitoka zamu ya usiku. Anahudumia wazee majumbani mwao. Akavua viatu mlangoni, akabandika chai, akanisikiliza mpaka mwisho. "Wamekupa chochote cha kuondokea?"

Nikamwambia, mshahara wa miezi minne.

Akanyamaza. Mwaka uliotangulia, mzee aliyekuwa akimhudumia alifariki Jumanne. Jumatano dada hakuwa na kazi, na hakulipwa hata senti ya kuondokea. "Pole sana, mdogo wangu," akasema, tena kwa moyo wote.

Baadaye nilitafuta takwimu za serikali za Mei 2023. Mshahara wa kati wa mwandishi wa programu ulikuwa dola 132,270 kwa mwaka. Wa mhudumu wa majumbani, dola 33,530. Karibu mara nne. Kabla ya kodi, miaka mitano yangu ni kama ishirini ya dada.

Sisemi haiumi. Na mwenye H-1B, viza ya kazi inayomtegemea mwajiri, akipunguzwa hupewa siku zisizozidi 60 apate mwajiri mwingine, abadili hadhi yake au aondoke nchini. Huyo msimwambie habari za mishahara minono. Msambazieni wasifu wake siku hiyohiyo.

Wengine wote, tatizo letu huanza siku ya mshahara wa kwanza. Mimi nilipanga nyumba ya dola 3,100 kwa mwezi, nikakopa gari, nikahesabu hata hisa za kampuni nilizoahidiwa ambazo hazijaiva, yaani hazijawa zangu. Hisa huiva kidogo kidogo, mara nyingi kwa miaka minne. Ukitolewa kabla, zilizobaki si zako. Ndiyo maana miezi minne iliniishia haraka vile. Wekeni kwanza matumizi ya miezi sita, ndipo mfikirie gari. Na nyumbani waambieni ukweli mapema: wao hupiga hesabu ya mshahara wako kwa shilingi, lakini kodi ya nyumba unailipa kwa dola.

Nilipata kazi nyingine Juni, kwa mshahara mdogo kuliko ule. Nimehamia nyumba ya nusu bei, na kinachobaki ndicho kinachomlipia dada ada ya uuguzi. Muhula wa kwanza ameumaliza.