Mbona wimbo wa disko la sekondari siyo huu wa kwenye simu?

SWALI: Habari mhariri. Juzi nimeutafuta kwenye simu wimbo uliokua unapigwa kila disko letu la sekondari, mwimbaji yuleyule na jina lilelile, nikausikiliza mpaka mwisho na sijaridhika hata kidogo. Unakokota, unaisha mapema, na ile ngoma ya mwanzo iliyokua inatutoa kwenye viti haipo kabisa. Mume wangu anasema kumbukumbu zangu ndo zimetia chumvi. Ni kweli? Msomaji wa miaka mingi.

JIBU: Dada yangu, usimkubalie haraka hivyo. Kumbukumbu zinatia chumvi sawa, lakini mambo matatu uliyoyataja yote yana maelezo na wala hayako kichwani kwako, yako kwenye santuri na kwenye mikono ya dijei.

Tuanze na urefu. Santuri ndogo ya inchi 7 inabeba kama dakika nne au tano kila upande, sasa kwa mtu anayecheza hiyo ni fupi mno, yani ndo kwanza mwili umepata moto wimbo umeisha. Katikati ya miaka ya 1970 pale New York, fundi wa kuchanganya muziki Tom Moulton na wenzake wakaanza kutengeneza matoleo marefu ya nyimbo za disko na kuyaweka kwenye santuri ya inchi 12, nafasi ikawa kubwa, besi ikatoka nzito zaidi, na nyimbo zikaanza kufika dakika sita, saba, nane. Matoleo hayo mengi yanaanza na ngoma tupu, hakuna gitaa wala sauti ya mtu, kwasababu dijei anahitaji mahali pa kuunganishia wimbo unaotoka na unaoingia. Wimbo wa mapigo 120 kwa dakika ukianza na mapigo 64 ya ngoma peke yake hiyo ni zaidi ya nusu dakika nzima! Na nyie mlishaijua ile ngoma ni ya wimbo gani, kwahiyo kabla mwimbaji hajafungua mdomo ukumbi umeshajaa. Kwenye simu linalokuja kwanza mara nyingi ni lile toleo fupi la redio, na kule redioni hayo mapigo ya mwanzo ndo ya kwanza kukatwa.

Halafu spidi. Mashine ya santuri ya Technics SL-1200MK2 iliyotoka mwaka 1979, ambayo madijei waliipenda kupita maelezo, ina kitelezi pembeni cha kuongeza au kupunguza mwendo mpaka asilimia 8. Tuseme wimbo mmoja una mapigo 112 na unaokuja una 118, dijei hawezi kuuacha ule wa 112 ulivyo maana miguu ya watu itajikwaa palepale katikati, basi anausukuma kidogo, asilimia tano na ushee hivi, mpaka ngoma zinaingiana. Hapo sauti ya mwimbaji nayo inapanda, yani inakua nyembamba zaidi, karibu nusu toni (hatua moja ndogo ya kinanda). Ukisikia wimbo hivyo disko baada ya disko, sikio lako linaushika hivyohivyo, na siku ukiusikia kwenye spidi yake halisi lazima uuone umechoka.

Na kama kwenu dijei alikua anatumia kanda, basi mambo yanazidi. Utepe wa kaseti unatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini mota zikizeeka au betri zikilegea mwendo unabadilika, na kanda iliyorekodiwa kwenye redio inayokwenda polepole ukiipiga kwenye redio nzima inakimbia. Afu kanda yenyewe imerekodiwa kutoka kwenye kanda nyingine, kila nakala ule mvumo wa "shhh" unaongezeka na matoazi yanafifia.

Cha kufanya, andika jina la wimbo afu ongeza neno "extended" au "12 inch". Ukilipata hilo toleo, kuna programu za simu za kuongeza spidi, ila hakikisha unachagua ile inayopandisha na sauti pamoja maana nyingi za siku hizi zinaongeza mwendo tu na kuiacha sauti palepale. Ongeza asilimia 3, sikiliza, ongeza tena, mpaka ufike pale unapopajua. Afu mwite mume wako aje asikilize.

SWALI: Mimi nilikua yule wa kukaa ukutani, sijawahi kuinuka kucheza. Kwanini nazikumbuka nyimbo zote mpaka leo kuliko hata masomo? Mkaa ukutani.

JIBU: Kwasababu ulikua unasikiliza ndugu yangu! Wenzako walikua wanahangaika na miguu yao na nani anawaangalia. Wataalamu wa saikolojia wameona mara nyingi kwamba watu wazima wakiulizwa kumbukumbu za maisha yao, nyingi zinatoka umri wa kati ya miaka 10 na 30, na nyimbo za ujana zinabaki kwa nguvu zaidi kuliko za kabla au za baadae. Ule ndo umri wa mambo ya mara ya kwanza, kumpenda mtu mara ya kwanza, kukataliwa mara ya kwanza, na wimbo uleule ulikua unarudi redioni, disko na kwenye kanda ya rafiki. Somo la jiografia mwalimu alilifundisha mara moja akapita. Na naamini kabisa kwamba kumbukumbu yako ina thamani sawa na ya waliocheza, disko lilikua lako pia.

SWALI: Tunakutana tuliomaliza sekondari pamoja, mi nimepewa kazi ya muziki. Nipange vipi? Dijei wa kamati.

JIBU: Kwanza usianze na nyimbo kubwa. Mwanzoni watu wanataka kusalimiana na kukumbushana majina, ukiwapigia ule wimbo unaopendwa kuliko zote wakati huo umeuchoma bure. Weka za mapigo 90 mpaka 100 kwa sauti ya chini, watu wasikie wanachoongea, panda taratibu mpaka 120 na hapo ndo utoe zile zenyewe.

Ila nakuomba sana uzingatie nyimbo za taratibu, zile za mapigo 60 mpaka 80. Usipige moja ukarudi kwenye kasi, piga tatu mfululizo. Wimbo wa kwanza mtu anatafuta ujasiri, anazunguka nusu ya ukumbi, anafika kwa aliyemtaka wimbo unaishia, sasa ukimwekea cha kurukaruka hapohapo umemuumiza. Wimbo wa pili ndo watu wanacheza kweli, na hata asiyejua hatua anaweza maana kazi ni kuhamisha uzito mguu mmoja kwenda mwingine tu. Wa tatu ni wa waliochelewa, na wapo siku zote.

Saivi nyie ni watu wazima, masikio siyo yale. Kwenye desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) mtu anaweza kukaa kwa muda wa masaa nane, kwenye 100 ushauri wa usalama wa kazini unasema dakika 15 tu, na disko linafika 100 kirahisi. Spika zielekeze pale pa kuchezea, viti viweke nyuma ya spika, na kila baada ya muda nenda kakae wewe mwenyewe kwenye viti hivyo, ukiona lazima upige kelele ili wa jirani akusikie, rudi ukapunguze.